Bibi, Unakwenda kwa Nani?

Mstaafu wa nchi hii hupangiwa kazi kabla hajakabidhi funguo za ofisi. Huyu atamshauri afuge kuku wa mayai, yule atamwambia ajenge fremu mbili mbele ya nyumba apangishe. Watoto watamletea wajukuu. Kanisani au msikitini atapewa uweka hazina kwa kuwa "wewe sasa una nafasi". Mtaani hakuna msiba utakaopita bila yeye kutiwa kwenye kamati. Na tangu kanuni ya mwaka 2022 ilipoweka malipo ya mkupuo kuwa asilimia 33, wazee wawili wakikutana hawana zungumzo jingine ila kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu. Nilihudhuria semina ya wastaafu watarajiwa. Nikafundishwa kuwakwepa matapeli wa kiinua mgongo, nikafundishwa ufugaji, nikafundishwa kuandika wosia. Hakuna aliyesimama akasema: mkishastaafu, mkapande mlima.

Basi nasema mimi. Wala simaanishi Kilimanjaro, ambako utalala baridini siku tano na kutumia pesa za bati za nyumba nzima. Namaanisha mlima unaouona unapoanika nguo, unaokwenda asubuhi na kurudi kabla chakula cha jioni hakijapakuliwa.

Kazi yangu ilikuwa uuguzi, hapahapa Morogoro, mpaka miaka 60, umri ambao sheria inakutoa utake usitake. Mji wetu huu tunaouita mji kasoro bahari uko mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga cha milima ya Uluguru kilichouinamia kinapita mita 2,100. Ukisimama Msamvu ukainua macho, mbele yako kuna ukuta wa zaidi ya kilomita moja na nusu kwenda juu. Lakini watu wa mjini wengi wanaujua mlima huo kwa kuutazama tu: ukijifunika wingu, anua nguo. Nimefanya kazi na watu waliozaliwa hapa, wakasoma hapa, wakaolewa hapa, na hawajawahi kukanyaga hata njia ya Morningside. Sisi wauguzi nasi ni mabingwa wa kumwambia mgonjwa wa presha atembee nusu saa kila siku, halafu zamu ikiisha tunaita bodaboda itupeleke mtaa wa pili.

Aliyenitoa nyumbani ni jirani yangu, mwalimu mstaafu wa jiografia, mwanamke mwenye sauti ya kuita wanafunzi walio ng'ambo ya uwanja. Nitamwita Mwalimu tu, maana hata waumini wenzake wanamwita hivyo. Alikuja siku moja akasema miaka yote amewachorea watoto ubaoni Milima ya Tao la Mashariki, kutoka Taita kule Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru, Ukaguru, ikashuka mpaka Udzungwa, na yeye mwenyewe hajafika juu ya ile iliyo nyuma ya choo chake. Kesho yake ilikuwa Jumanne. Tukaenda Jumanne. Hilo ndilo jambo la kwanza ninalolipenda katika matembezi ya wastaafu: Jumamosi na Jumapili tunawaachia vijana na spika zao, sisi mlima tunaupata katikati ya wiki.

Njia ya Morningside inaanzia upande wa Boma, kwenye majengo ya serikali na miti mikubwa, halafu inauacha mji taratibu. Mto Morogoro unausikia kabla hujauona. Nyumba zinapungua, migomba inaongezeka, udongo unakuwa mwekundu, na ghafla unagundua kwamba umekwenda hatua nyingi bila kusikia honi. Jengo lenyewe la Morningside ni la zamani, la enzi za Wajerumani, limekaa zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari mahali pa wazi penye upepo. Kutoka pale unauona mji wote umelala chini, mabati yaking'aa, na milima ya Mindu ng'ambo yake. Kwa mtu mzima anayetembea kwa mwendo wake, na kupumzika bila aibu, ni asubuhi moja ya kupanda na kushuka.

Sasa, ukianza safari alfajiri utapishana na wenye mlima wao. Wanawake wa Kiluguru wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani, na matenga ya mboga, wengine na mtoto mgongoni, miguuni kandambili au hawana kitu. Saa kumi na mbili na nusu sisi ndio tunaanza. Wao wametoka makwao giza bado, na wanataka kuwahi Soko Kuu la Chifu Kingalu. Wanashuka kwa mbio ndogondogo zisizotikisa mzigo. Mimi na fimbo yangu na raba za mtumba zilizofungwa vizuri, nawapisha pembeni kama mgeni rasmi aliyepotea.

Na wote wanauliza swali moja. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Bibi, unakwenda kwa nani?

Ni swali la haki. Kule juu hakuna anayepanda mikono mitupu asubuhi ila ana msiba, ana mgonjwa, au anamfuata mganga. Nilipojibu mara ya kwanza kwamba natembea tu, mama mmoja alisimama na mkungu wake kichwani, akanitazama vizuri, akauliza kwa huruma kama watoto wangu wako hai. Mwalimu akaokoa jahazi, akamwambia daktari ameniamuru. Ikapokelewa mara moja. Kutembea kwa amri ya daktari kunaeleweka. Kutembea kwa kupenda ni jambo la watu wenye nafasi kubwa mno kichwani. Siku hizi wengine wametuzoea. Wanauliza tu kama leo tunafika au tunaishia njiani.

Swali hilo limenifundisha adabu ya kule. Mlima si uwanja wa mazoezi, ni barabara ya watu ya kwenda kazini, na ni ardhi yenye wenyewe. Waluguru hurithi ardhi upande wa mama. Ukoo, wao wanasema lukolo, ndio wenye mashamba, na kila kipande unachokiona kina bibi wa mtu nyuma yake. Kwa hiyo hatukati njia katikati ya maharage ili tufike haraka. Tunasalimia sisi kwanza hata kama tumekosa pumzi, isipokuwa kwa wadogo, ambao nao hawatupi nafasi ya kuwahi. Na nikinunua ndizi mlimani silalii bei. Mwalimu hulalia, kwa mazoea tu, halafu huongeza noti mwishoni kuliko alivyotajiwa. Nimeacha kumwelewa.

Tuje kwenye magoti, maana najua ndilo swali lenu.

Kila mtu anaogopa kupanda. Kupanda kunachosha moyo na mapafu, ni kweli, lakini kuna breki yake: ukihema, unasimama. Kipimo ninachotumia ni mazungumzo. Kama naweza kuzungumza na Mwalimu sentensi nzima, mwendo ni sawa. Nikianza kujibu kwa neno mojamoja, nimezidisha. Nikishindwa hata hilo, nakaa chini. Kifua kikibana, jasho la baridi likitoka, au maumivu yakishuka mkononi au yakipanda tayani, hapo safari imekwisha, unatafuta msaada. Hakuna kujikaza kiume wala kike.

Kazi hasa ni kushuka. Ukishuka, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi ya kuzuia: unavutika huku umekaza, hatua baada ya hatua, na huo ndio utumikaji unaoumiza msuli kuliko kusukuma mwili kwenda juu. Ndiyo maana siku ya mlima unarudi mzima, unajisifu, unalala vizuri, halafu kesho yake au keshokutwa huwezi kukaa chooni bila kushika ukuta. Goti nalo linabeba uzito wote unapotua kwa kishindo. Dawa yake ni ya shamba: hatua fupi, magoti yasinyooshwe yakakakamaa, mguu utue wote badala ya kisigino peke yake, na fimbo. Fimbo si dalili ya uzee. Fimbo inachukua sehemu ya uzito ambao ungekwenda gotini, na kwenye utelezi inakupa mguu wa tatu. Yangu nilikatiwa na kijana mmoja wa njiani, imepimwa ili nikiishika kiwiko kikunje kidogo tu. Kwenye mteremko mkali naishika chini kidogo ya kichwa chake inapokuwa nyuma, na juu kabisa ninapoitanguliza mbele.

Halafu kucha. Hakuna anayewaambia watu habari ya kucha. Unaposhuka, mguu unateleza mbele ndani ya kiatu na vidole vinagonga ncha, mara elfu. Kucha ndefu itageuka nyeusi na itang'oka. Kata kucha siku moja kabla, vaa soksi nene, nunua raba yenye nafasi ya kidole gumba mbele, na kabla ya kuanza kushuka kaa chini ukaze kamba upya. Mwenye kisukari akague nyayo zake kabla na baada, maana huenda asisikie jeraha likitokea, na awe na kitu cha sukari mfukoni. Anayekunywa vidonge vya presha vinavyokojoza aulize kliniki kwanza habari ya maji na jua. Haya yote ni mambo ya dakika tano ambayo ningetamani yangekuwa kwenye ile semina badala ya somo la kuku.

Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na sisi tuliofika 65 linatuongezea mazoezi ya kujisawazisha, siku tatu au zaidi kwa wiki, ili tusianguke. Njia ya mlimani inakupa yote kwa mpigo. Jiwe linalotikisika, kijito cha kuvuka, mzizi uliojificha kwenye majani: mwili unajifunza tena kujishika. Nimewaona wazee wengi wakiletwa na nyonga iliyovunjika, na wengi hawakuanguka mlimani. Walianguka bafuni.

Mfuko wangu wa siku ni huu: maji lita mbili, magimbi au viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, chai kwenye chupa, kanga moja, koti la mvua, dawa zangu, simu yenye chaji, na hela za chenji. Kanga inakuwa mkeka, shuka la mabegani, taulo, na siku Mwalimu alipotegua kifundo cha mguu ikawa bandeji. Chini navaa truksuti, juu yake kitenge, kwa sababu kuna kupita mbele ya nyumba za watu na kuna kuruka mitaro, na sitaki kuchagua kimoja.

Masika, yaani Machi mpaka Mei, tunakaa nyumbani. Udongo mwekundu wa Uluguru ukilowa hauna urafiki na mtu, na vijito vinavyorukwa kwa hatua moja mwezi Agosti vinaweza kukuzuia upande usiotaka. Miezi yangu ni Juni hadi Septemba, kipindi cha kipupwe, asubuhi zina baridi ya kuvaa sweta na ukungu unaondoka kabla ya saa nne. Upande wa mashariki wa milima, unaopokea upepo wa baharini, mvua ni nyingi kiasi kwamba kiangazi chenyewe kinalowa. Ndiko unakotoka Ruvu. Ninyi wa Dar es Salaam mnaofungua bomba mkipata maji ya Ruvu Juu au Ruvu Chini, sehemu kubwa ya maji hayo yamechujwa na majani na mizizi ya huku. Huwa namkumbusha dada yangu wa Tabata anapodai Morogoro hakuna kitu.

Ukitaka kuingia msituni wenyewe, juu ya mashamba, hapo ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008 kwa kuunganisha misitu ya kaskazini na kusini na ukanda wa Bunduki uliokuwa umebaki katikati. Unapita ofisi ya TFS, wakala wa serikali wa misitu, unalipa, unapewa mtu wa kukuongoza. Sisi raia tunalipa kiasi kidogo kuliko wageni. Usikwepe hilo. Njia za msituni zinagawanyika bila kibao, na mwongozaji ndiye anayejua siafu wamehamia wapi wiki hii. Yeye ndiye aliyetunyamazisha tumsikilize ndege ambaye duniani kote anapatikana milima hii tu. Hatukumwona. Mwongozaji alisema yeye mwenyewe humsikia kuliko kumwona, na hilo halikumsumbua hata kidogo. Mbega tuliwaona, wakiwa na mikia yao yenye ncha nyeupe, na kinyonga mmoja mwenye pembe ambaye Mwalimu hakutaka kumkaribia kwa sababu alizokatazwa na bibi yake.

Siku tukiwa na nguvu ya basi tunaenda mbali zaidi. Mgeta ni upande wa magharibi, unaiacha barabara ya Iringa pale Sangasanga na kupanda kona juu ya kona hadi kwenye kabichi, karoti, njegere na stroberi zinazolimwa kwenye matuta ya ngazi yaliyokata mlima mzima. Mwalimu hawezi kuyaona matuta bila kusimulia ya Matombo, hukuhuku Uluguru, mwaka 1955, serikali ya Waingereza ilipowalazimisha watu wachimbe matuta kwa mtindo wake, upande ambao udongo wake haukuyafaa, mpaka ghasia zikazuka na damu ikamwagika. Husimulia akiwa amesimama kwenye mteremko, mikono kiunoni, na sisi wengine tunasimama pia, maana tunahitaji kupumzika. Ni mbinu nzuri: mwenzako akiwa na historia, kila mwinuko mkali unapata kituo. Huko Bunduki kuna maporomoko ya Hululu, kutembea kwake si kwa kutisha. Mkilala macho mkawahi basi, mnarudi siku hiyohiyo. Mkichelewa, mtalala Mgeta, na hapo si matembezi ya siku tena na magodoro ya watu yana habari zake.

Kinole ni upande wa pili, wa mvua. Kule unatembea ndani ya mashamba ya migomba, minanasi, mdalasini, karafuu na pilipili manga inayopanda miti. Kupanda ni kidogo, kunusa ni kwingi. Aliye na goti bovu aanzie huko.

Wasiokaa Morogoro msinitafute kwa lawama, kila mmoja ana wake. Wa Mbeya ana Loleza juu ya kichwa chake. Wa Lushoto ana Irente na dunia nzima ya Umasaini chini yake. Wa Moshi ana Materuni. Wa Nairobi ana vilima vya Ngong, na ana msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake walipigwa Januari 1999 wakiutetea usigawanywe viwanja. Leo wazee wanautembea wakiwa na viatu safi na wajukuu kwenye vigari. Wa Dar, treni ya umeme imeanza kubeba abiria mpaka Morogoro tangu Juni 2024, safari haifiki saa mbili. Njooni. Mwalimu atawasimulia Matombo.

Wanangu wana mashaka bado. Mkubwa alitaka nibaki kwenye mashine ya kutembea aliyoileta sebuleni, ambayo sasa inaanikia soksi. Mdogo anataka nimtumie eneo nilipo kwenye simu kila saa. Nimekubali, ila msituni mtandao unakatika, kwa hiyo tumepatana jambo rahisi zaidi: namwambia njia tunayopita na saa ya kurudi, na ikipita saa mbili zaidi ndipo apige kelele. Kila anayetembea amwachie mtu habari hizo. Na muwe na saa ya kugeuka. Sisi yetu ni saa sita mchana: ikifika, tunageuka, hata kama kilele kiko hapo, hata kama Mwalimu amenuna. Jua letu linazama kabla ya saa moja jioni, na kushuka gizani kwa umri huu sitaki hata kukufikiria.

Saa hiyo ya kugeuka ndiyo ugomvi wetu mkubwa sasa. Mwalimu anataka Lupanga. Mimi nasema njia ile ni ya kushika mizizi kwa mikono, ni ndefu, na uzuri wa mlima hauanzii kileleni. Yeye anasema amefundisha jiografia maisha yake yote na hawezi kufa bila kusimama pale juu akaonyesha mji kwa kidole. Tumekubaliana Julai, njia ikiwa imekauka, tuondoke saa kumi na moja alfajiri na mwongozaji wa TFS, na binti mmoja wa kwaya mwenye miguu ya nguvu. Nimesema saa sita tunageuka popote tulipo. Mwalimu amejibu kwamba hesabu hiyo haifiki, iwe saa saba. Jana nimempelekea mboga nikakuta ameshanunua soksi nene jozi mbili, moja yangu, na juu ya karatasi ameandika saa sita na nusu. Sijajibu.